Maikoraiza kwenye ardhi ya magadi: usiipake kabichi

Mkuu usilipe hiyo hela! Umesema shamba liko Kahe, udongo una magadi, na jamaa wa duka la pembejeo kakwambia upake mizizi ya miche ya kabichi na chainizi unga wa maikoraiza (fangasi wanaoishi kwenye mizizi ya mimea), chumvi haitakusumbua tena. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikanunua, nikapaka kitalu kizima, kumbe kabichi HAISHIKI hao fangasi. Haishiki hata ukiipeleka kwenye udongo mzuri wa Lushoto. Ukoo wake wote uko hivyo, sukuma wiki, chainizi, figili, brokoli. Mchicha, spinachi na bitiruti ni ukoo mwingine ila kwa hawa fangasi mambo ni yaleyale.

Sikia, hawa fangasi wanaingia ndani ya mzizi, mmea unawapa sukari, wao wanatandaza nyuzi nyembamba sana mpaka kwenye udongo ambao mzizi haufiki, wanaleta fosforasi na maji, na penye chumvi wanausaidia mmea upate potasiamu ya kutosha usijae sodiamu. Sasa fangasi asipoingia kwenye mzizi hapo kuna faida gani? Hakuna. Miche yangu ilidumaa, majani yakaungua pembeni, narudi dukani naambiwa "ongeza dozi". Dozi ya nini jamani? Mtu anauza kitu hajui kinashika zao gani, na kopo lenyewe limebandikwa picha ya kabichi imefunga vizuri! Hiyo picha ndiyo inayoniuma mpaka leo, maana mkulima ataamini picha kabla ya maandishi madogo ya nyuma, na hela iliyokwenda pale ni ya mbegu na vibarua vya msimu mzima.

ZAO KWANZA, FANGASI BAADAYE. Nyanya, pilipili, mahindi, vitunguu, maharage, hizo zinashika. Lakini kushika sio kuvumilia chumvi, maharage yanaanza kupunguza mavuno EC ya udongo (kipimo cha chumvi) ikipita kama 1 dS/m, vitunguu 1.2, nyanya inajitahidi mpaka 2.5 hivi, kwa hiyo kwako ningejaribu nyanya, unga uguse mizizi kuanzia kitaluni, sio kuumwaga juu ya tuta. Na usijaze mbolea ya DAP, fosforasi yake ikizidi mmea hauwahitaji tena hao fangasi na hauwaachii nafasi.

Halafu hao fangasi hawaondoi chumvi shambani, asikudanganye mtu. Magadi ni sodiamu, inafanya udongo ugande na maji yasimame juu, dawa yake ni jasi (gypsum), na jasi inachimbwa Makanya hapo Same wala sio mbali na wewe, ukishaweka unahitaji maji mazuri ya kuisukuma sodiamu chini na mtaro wa kuyatoa, bila mtaro chumvi inarudi juu. Ila usinunue jasi kwa kubahatisha, peleka udongo kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano au chuo cha kilimo SUA wakupimie pH, EC na sodiamu, ndio utajua iwe kiasi gani.

Kama soko lako ni kabichi tu basi panda kabichi, hela ya unga ipeleke kwenye kupima na jasi. Na kama umeshalipa, usifungue kopo, lirudishe leo hiihii umwambie akuonyeshe kwenye lebo palipoandikwa kabichi, sio pale kwenye picha.