Diski inagonga tik-tik: niifanyeje?

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani imeanza kutoa sauti ya kugonga, tik-tik-tik, na kuwaka kunachukua dakika kumi. Jana ikasema haioni diski. Nikazima, nikawasha, ikaiona. Humo nina picha za watoto tangu wazaliwe, na sina nakala. Mmoja ananishauri niendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, mwingine eti niifunge diski kwenye mfuko niilaze kwenye friza. Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate yeyote. Na kama unasoma haya kwenye kompyuta hiyohiyo, izime, umalizie kwenye simu.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu bila kuzigusa. Kikishindwa kusoma alama zinazokiongoza, mkono wake hurudi ulikotoka na kujaribu upya. Huko kurudi ndiko unakokusikia. Kichwa kikiwa kibovu, kila jaribio laweza kuikwaruza sahani, na data ya palipokwaruzwa hairudi, hata ukimpata fundi wa namna gani.

Sasa chkdsk kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa mafaili, si chuma. Ukiiongezea /r inasoma diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Huko ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo ili umpime. Friza nayo huleta unyevu, na tone la maji juu ya sahani ni msiba mwingine.

Kabla ya kuihukumu diski, lakini, jaribu kebo. Chomoa waya wa ukutani, kisha toa kebo ya data na ya umeme za diski, uzichomeke upya au uweke nyingine. Diski yenye njaa ya umeme nayo hugonga vilevile. Ukiwasha ikanyamaza, angalia taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe: kipengele cha 199 kikiwa kinapanda, mara nyingi kosa ni la kebo, cha 5, 197 au 198 vikipanda, diski yenyewe inakufa.

Ikigonga mfululizo, usiiwashe tena. Itafutie mtaalamu wa kuokoa data, si fundi wa kompyuta tu, na umuulize anafungulia diski wapi. Akikujibu "hapahapa mezani", chukua diski yako uondoke, maana diski hufunguliwa mahali pasipo na vumbi.

Ikigonga kwa nadra na bado inaonekana, washa kompyuta kwa Linux (mfumo endeshi mwingine badala ya Windows) iliyo kwenye flashi, utumie ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, kunakili diski yote kwenye nyingine isiyopungua ukubwa wake. Hiyo huchota kwanza panaposomeka kwa urahisi, pagumu ikaparudia baadaye, na ukiipa faili la ramani huendelea ilipoishia. Hakikisha tu hujageuza chanzo na mwisho, maana utafuta picha kwa mkono wako mwenyewe. Kama amri hizo zinakutisha, nakili folda ya picha peke yake. Windows na filamu ziache.

Picha zikishapatikana, utashawishika kuifomati hiyo diski na kuirudisha kazini kwa sababu imetulia. Usiirudishe.