Kura Ilipita, Deni Likabaki Kwangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Urambo aliniandikia: "Kaka, tuko vijana 18, tunaanzisha dao ya asali. Tokeni tumeshatengeneza, pochi ya funguo nne tumeshafungua, nembo inakuja. Tunakosa nini?" Dao ni kikundi cha mtandaoni kinachoendeshwa kwa kura na programu ya kompyuta badala ya viongozi; tokeni ni alama zake za kidijitali, na pochi ya kidijitali ndiyo hutunza pesa. Ujumbe ulinikuta Kibirizi nasubiri mitumbwi iingie, nikacheka peke yangu mpaka muuza kahawa akaniuliza kama niko sawa. Ningeweza kuuandika mimi ujumbe ule, neno kwa neno, isipokuwa yetu ilikuwa ya dagaa.

Tulikuwa 31. Wengine hapa Kigoma, wengine Dar, wawili Nairobi, na mmoja Muscat ambaye sura yake sijaiona mpaka leo. Ukichanga unapata tokeni, tokeni ndiyo kura, na pesa haitoki kwenye pochi mpaka kura ipite. Hakuna mwenyekiti, hakuna mweka hazina wa kukimbia na kibubu. Programu ya kura niliiandika mimi, usiku, jenereta ya jirani ikinguruma. Niliionea fahari na bado naionea, nisiwadanganye. Haikukosea hesabu hata siku moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kununua dagaa siku za giza, wakati wanapovuliwa kwa wingi, kuwaanika na kuwapeleka Dar. Mizunguko miwili ya kwanza ililipa. Wa tatu tukapiga kura tuchukue mzigo mkubwa kwa mali kauli kutoka kwa mama mmoja anayeheshimika mwaloni. Nani akamwone? Mimi, maana ananijua tangu navaa kaptura za shule.

"Mwanangu, hao wenzako ni kina nani?"

"Ni jumuiya, mama. Inajiendesha yenyewe."

Akanitazama kidogo, kisha akaandika jina langu kwenye daftari.

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Aliyewahi kunusa dagaa waliolowa kichanjani hahitaji maelezo. Deni: milioni 6 na laki 8.

Nikaweka pendekezo kwamba pochi ilipe. Wanachama 7 wakakubali, 19 wakakataa, 5 hawakuonekana. Yule wa Muscat akaandika kwamba deni "halimo kwenye msimbo", yaani kwenye maagizo ya programu. Na kweli halikuwemo. Msimbo niliuandika mimi, najua. Kura ilihesabiwa sawasawa, na programu yangu ikaifunga ile pesa mbele ya macho yangu. Kesho yake alfajiri mama alikuja nyumbani na mjumbe wa nyumba kumi. Hakufoka. Alifungua daftari tu, akalaza kidole kwenye jina langu. Pikipiki niliiuza wiki hiyohiyo.

Nilipompelekea habari hizi rafiki yangu mwanasheria pale Mwanga, hakunipa hata pole. Alisema, "Mlikuwa ubia." Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inautambua ubia kuwa ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida. Haijali mlijiita nani. Na deni la ubia linamfuata mbia mpaka kwenye mali yake ya nyumbani. Kwa sheria, mama angeweza kumdai yeyote kati yetu. Ila anayedai humfuata yule ambaye mlango wake anaujua.

Nilidhani ni ushamba wetu wa ziwani. Kumbe hata Marekani wameumia. Waasisi wa bZx, jukwaa la kukopeshana na kufanya biashara ya sarafu za kidijitali, waliikabidhi biashara yao kwa dao, wakitamba kwamba hapo wasimamizi wa serikali hawatawagusa. Septemba 2022 CFTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa, ikaishtaki dao hiyo, iliyokwishaitwa Ooki, na hati za mashtaka zikapelekwa kupitia kisanduku cha mazungumzo cha tovuti yao! Hakuna aliyejitokeza kujibu kwa niaba yake, na Juni 2023 ikaamriwa kulipa dola 643,542. Machi mwaka huohuo, katika kesi nyingine ya watu waliopoteza fedha bZx ilipoibiwa dola milioni 55, jaji wa California alikataa kuwaondoa mapema walioshika tokeni za kupigia kura, akiona kwamba yawezekana ni wabia. Tokeni tu, jamani.

Ndiyo maana wenzetu wakatafuta ganda la kisheria, yaani chombo kilichosajiliwa ili deni lisiwafuate wanachama nyumbani. Jimbo la Wyoming, Marekani, liliruhusu dao kusajiliwa kama kampuni yenye dhima ya ukomo kuanzia Julai 2021, na mwaka 2024 likaongeza muundo wa jumuiya isiyo ya faida kwa zenye wanachama 100 au zaidi. Visiwa vya Marshall vina sheria yao ya 2022. Lakini ganda la Wyoming kwa mama wa Kibirizi ni hadithi ya paukwa pakawa. Ninyi mnauza asali Tabora, mnadaiwa Tabora.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Urambo, sajilini. Nendeni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, mkafungue kampuni binafsi, au ulizieni ushirika kama wengi wenu ni warina asali. Tokeni zibaki za kupigia kura ndani. Mikataba iingiwe kwa jina la kampuni, na mihuri iwe ya kampuni. Usisaini dhamana binafsi, maana ukisaini umelivua ganda kwa mkono wako. Na sajilini kabla ya mzigo wa kwanza. Nimeshasema sajilini? Basi sajilini. Vijana mnapenda nembo kuliko karatasi, mnasema karatasi ni za wazee, halafu siku ya deni mnamtafuta mzee awaombee muda. Mnasema mnaaminiana. Sisi pia tuliaminiana, 31, mpaka kura ilipopigwa.

Mama nimebakiza kumlipa laki 4. Siku za giza zinaanza Jumatano, nimeomba kazi ya kuanika kwenye vichanja vyake mwenyewe. Amekubali, ila daftari analishika yeye.