Anasoma bila kukwama, lakini hadithi hataki kuigusa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tatu hapa Kasulu. Akiambiwa asome anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini kitabu cha hadithi hakigusi kwa hiari yake. Kila jioni ninamsimamia saa nzima, na akikosea anarudia ukurasa. Kuna kituo cha tuisheni kinachoahidi kumfanya apende kusoma kwa wiki mbili, na jirani amenishauri dawa ya maji ya kuongeza akili. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Lililonishtua katika barua yako ni maneno "bila kukwama", kwa sababu ndiyo yanayowapoteza wazazi wengi. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi vizuri anaweza kutamka ukurasa mzima wa jambo asilolielewa hata kidogo. Mkazo wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza mwaka 2015 katika madarasa mawili ya mwanzo haukukusudia mtoto aishie kwenye kutamka. Ufahamu umo ndani yake, ila sisi watu wazima tukishasikia sauti inatiririka tunaridhika.

Mpime leo. Akimaliza ukurasa, funga kitabu, umwombe akusimulie yaliyotokea kwa maneno yake mwenyewe, na kama nyumbani mnazungumza Kiha, asimulie kwa Kiha. Akishindwa, ujue kwamba kila jioni unamtumikisha kazi ya mdomo isiyo na ujira. Watoto wengi wa huku wanakijua Kiswahili cha sokoni na cha uwanjani, lakini maneno kama "ilhali" na "akaghadhibika" wanakutana nayo kitabuni tu, wala hakuna anayewaeleza maana yake.

Mpe kitabu chepesi kuliko unavyoona kinamstahili. Ukurasa mmoja ukiwa na maneno zaidi ya matano asiyoyajua, kiweke kando kwa sasa. Msomee wewe, ingawa anajua kusoma. Simama pale mambo yanapoiva, umuulize anadhani nini kitafuata. Akitaka hadithi ileile kila siku, mwache, kwa kuwa kurudia kwa hiari humjengea wepesi. Robo saa inatosha. Kumrudisha ukurasani kwa kila kosa acha kabisa, maana umekigeuza kitabu kuwa adhabu. Nenda pia shuleni ukaulizie vitabu vya ziada, kwani mara nyingi hufungiwa kabatini ili visichakae, nami sijui kitabu kisichochakaa kimemsaidia mtoto gani.

Kuhusu dawa, hakuna chupa inayomfundisha mtoto maana ya neno. Akikisogeza kitabu karibu mno na uso, mpeleke hospitali akapimwe macho. Nje ya hapo, fedha hiyo nunua hadithi.

Na hizo wiki mbili nimechoka kuzisikia. Mtoto hukaririshwa kifungu kimoja, siku ya wazazi hukighani mbele ya watu, tunapiga makofi na kulipa ada ya awamu inayofuata. Mzazi yeyote wa Kigoma anayeahidiwa muujiza wa namna hii aende na kitabu ambacho kituo hakijawahi kukiona, achague mwenyewe mwanafunzi mmojawapo wa pale, amsomeshe ukurasa mmoja na kumtaka ausimulie. Wakikataa jaribio hilo, asitoe hata shilingi.