Kutafuta ukoo wa ukweni, Marekani

Nimeoa Mmarekani Mweusi, na bila kuteuliwa na mtu nimekuwa ndiye mtafuta nasaba wa ukweni. Rafiki zangu Wabongo wa huku huniuliza, si mpime DNA tu mjue mnatoka wapi? Pimeni, ila msianzie hapo. Kipimo kitakupa asilimia za Nigeria na Kameruni, lakini hakikwambii bibi mzaa bibi alizikwa wapi wala nani aliuzwa akiwa mtoto.

Anza na wazee walio hai. Mama mkwe ukimkalia na karatasi na kalamu ananyamaza. Mpe kunde za kumenya, atakutajia hadi jina la utani la mjomba aliyehamia Chicago. Uliza walisali kanisa gani, nani alilelewa na nani. Omba na Biblia ya familia, maana mara nyingi vizazi na vifo viliandikwa humo.

Kisha rudi nyuma sensa kwa sensa. Ya 1950 ndiyo ya karibuni iliyofunguliwa kwa umma. Ya 1890 iliteketea karibu yote, kwa hiyo utaruka miaka 20, toka 1900 hadi 1880. Tovuti ya FamilySearch, yenye sensa hizo, ni bure.

Ukifika 1870 unakwama. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Mwaka 1850 na 1860 walihesabiwa kwenye orodha ya watumwa, chini ya jina la bwana wao: umri, herufi ya jinsia, herufi ya rangi, basi. Usione mwanamke wa miaka 26 ukashangilia kwamba umempata, maana wa umri huo walikuwa wengi.

Kuanzia hapo mtafute bwana aliyewamiliki. Tazama matajiri wa mashamba waliokuwa jirani na familia yako mwaka 1870, na usitegemee jina la ukoo pekee, kwani wengi hawakuchukua la bwana wao wa mwisho. Halafu nenda mahakama ya kaunti, ukaombe wosia, hati za mauzo na orodha za mirathi. Humo majina yapo: ng'ombe, vitanda, halafu watu, kila mmoja na bei yake. Inauma kusoma, lakini ndiyo karatasi yenye jina.

Usizipite kumbukumbu za Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru (Freedman's Savings Bank), ya 1865 hadi 1874. Kufungua akaunti, mteja aliulizwa wazazi wake, ndugu zake, mahali alipozaliwa, na fomu za mwanzo hata jina la bwana wake. Mafaili ya pensheni za askari Weusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani nayo ni hazina: mjane alipaswa kuthibitisha ndoa, kwa hiyo mashahidi walisimulia shamba walilokulia pamoja.

Mwisho, waandikie wajukuu wa yule bwana. Taja kaunti na majina, usianze na lawama. Wengine hawajibu, wengine wana daftari la shamba limelala darini. Mke wangu barua hizo hataki hata kuzigusa, kwa hiyo naziandika mimi.