Mkuu, usiiguse hiyo skrubu ya volti kabla hujapima konekta

Nakuomba uweke bisibisi chini kwanza. Umeandika kwamba mashine yako ya pinball, Bally ya mwaka 1980, inajizima na kuanza upya kila ukibonyeza flipa zote mbili (vile vijiti vya kupigia mpira), kwamba taa za uwanjani zimefifia, kwamba ule umeme wa volti 5 umeukuta 4.6, na kwamba kuna mtu amekushauri utoe rigaleta ya zamani (kile kifaa kinachoshikilia volti zisipande wala kushuka) uweke moduli yenye skrubu ya kupandishia volti ili ufidie upungufu. Ushauri huo huo ndio ulioniulia bodi, kwa hiyo sitazunguka.

Mashine yangu ni ya ukoo huo huo wa yako, ilikuwa na ugonjwa huo huo. Akaja fundi aliyesifiwa sana. Akapima kwenye bodi ya CPU, akaona 4.5, akatangaza kwamba rigaleta imechoka. Akaing'oa LM323K, yaani rigaleta ya zamani, akafunga moduli mpya, akazungusha skrubu huku anaangalia mita mpaka bodi ya CPU ikasoma 5.0 kamili. Mashine ikacheza. Akalipwa, akaenda zake. Baada ya muda ikaanza tena kujizima; akaitwa, akaongeza skrubu. Ikarudia, akaongeza tena. Wakati wote huo hakuhamisha ncha ya mita akapima pale moduli inapotolea umeme. Mimi nilikuja kupima pale mambo yakiwa yameshaharibika: ilikuwa inatoa volti 6 na ushee.

Zile volti zilizopungua njiani zilikuwa zinaliwa kwenye konekta, hasa J4 ya bodi ya CPU na J3 ya bodi ya solenoidi (ile yenye rigaleta), ambazo pini zake zilikuwa zimepigwa weusi. Na umeme unaoliwa hivyo haupotei hewani, unageuka joto palepale kwenye pini. Joto linalegeza chuma cha ndani ya konekta, kikilegea ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda volti zinashuka zaidi, fundi anaongeza skrubu. Yaani kila alipokuja kutibu alikuwa anachochea moto.

Kilichomaliza kazi ni kitendo ambacho kila mmoja wetu hukifanya: konekta ilichomolewa ikarudishwa. Pini zikakwanguana, kutu ikatoka, zikashikana vizuri. Volti zote 6 zikafika kwenye chipu. Prosesa ya 6800 na PIA za 6821 (chipu za kupitishia ishara kuingia na kutoka) zimetengenezwa kufanya kazi kati ya volti 4.75 na 5.25. PIA zangu, U10 na U11, zikafa zote mbili, na ROM moja (chipu ya kumbukumbu ya programu) ikafuata. Hizi ni chipu za zama zile, huendi tu kuzichukua dukani. Bado nina hasira na yule fundi, na sababu ni moja: mita ilikuwa mkononi mwake, na pa kupima palikuwa hatua chache za nyaya kutoka alipokuwa anapima.

Sasa shika hili hata ukisahau mengine yote: volti ndogo hupimwa mashine ikiwa inawaka, na hupimwa kuvuka kila kiungo kimoja kimoja. Usipandishe chochote kabla ya hapo.

Namna yenyewe ni hii. Weka mita kwenye DC. Anza kwenye chipu yenyewe: ncha nyekundu mguu wa 8 wa 6800, nyeusi mguu wa 1. Andika unachokiona. Kisha pima kwenye bodi ya solenoidi, TP1 (pale pa kupimia volti 5 zinazotoka kwenye rigaleta) dhidi ya graundi ya hapo hapo. Kama TP1 ni 5.0 na chipu ina 4.6, rigaleta yako ni nzima na hana kosa lolote huyo mzee wa watu. Mwizi yuko katikati. Mtafute kwa kuweka ncha moja kwenye pini upande wa bodi, pale palipolehemewa, na nyingine kwenye waya upande wa pili wa konekta. Kiungo kizima kitakupa karibu na sifuri. Ukiona 0.2 au 0.3, umemkamata. Halafu rudia safari hiyo hiyo upande wa graundi, maana watu wengi hupima njia ya kwenda tu wakaisahau ya kurudi, na bodi ya solenoidi ya Bally ina udhaifu unaojulikana kwenye graundi ya kapasita C23.

Tafadhali usinijibu kwamba konekta umezipima kwa ule mlio wa mita wa kuonyesha kwamba njia imeunganika, na zote zimelia. Mlio hausaidii hapa. Ampea 2 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.2, zinapotea volti 0.4, toa kwenye 5.0 unabaki na 4.6, kipimo chako hasa. Omu 0.2 hata nyaya za mita yako zinaweza kuwa nazo, na mita italia kwa furaha.

Ikiwa TP1 nayo iko chini, rudi nyuma ya rigaleta. LM323K inataka isipungue volti 7.5 upande wa kuingilia; kawaida pana kama 12. Bonyeza flipa uone kama panazama. Weka mita kwenye AC upime hapo hapo: mawimbi makubwa yanamaanisha C23, ile ya mikrofaradi 11,700, imekauka. Ibadilishe bila huruma.

Ukishampata mwizi, usimpake dawa ya kusafishia ukadhani yameisha. Badilisha pande zote mbili: pini za bodini na vyuma vya ndani ya konekta, vile vya Molex, vya nafasi ya milimita 3.96 kwenye J3 na 2.54 kwenye J4, vinavyobanwa kwa koleo lake. Ukiweka vipya upande mmoja tu, upande ulioungua utaviharibu. Na geuza bodi uangalie risasi ya kulehemea kuzunguka kila pini. Ufa mwembamba wa duara unatosha kabisa kuleta ugonjwa huu.

Uwe mwangalifu na ncha za mita kwenye bodi ya solenoidi. Pana volti 43 za koili na zaidi ya 200 za vioo vya alama, na kapasita hubaki na chaji hata ukishazima.

Lete hapa vipimo hivi kabla ya kununua kitu: chipu, TP1, na tofauti ya kuvuka J4 na J3, kwenda na kurudi. Na picha ya nyuma ya J4, karibu, yenye mwanga wa kutosha.