Kichaa cha Ukoo, Sahani ya Mchicha na Mchumba Aliyeghairi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa huku huku Morogoro amenitumia ujumbe mrefu. Mama yake ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi kisha kumshusha kabisa; yeye ni binti mzima, na upande wa mchumba umeshaanza kuulizia ukoo. Anataka kujua mambo mawili: na yeye ataupata? Na je, kuna chakula cha kujikinga?

Mdogo wangu, swali la kwanza mimi nilijibiwa na mshenga kabla ya daktari. Posa ilishapokelewa, mahari imetajwa, ndipo mtu akawanong'oneza kwamba shangazi yangu "hupandisha". Wakaja kughairi kwa adabu zote, na chai yetu wakainywa wakaimaliza. "Damu ya kwao," alisema mama mtu, nikamsikia kwa masikio yangu nikiwa jikoni. Hadi leo nikikutana naye sokoni shikamoo natoa, ila inakwama kooni.

Shangazi tuliambiwa ana majini. Ngoma zilipigwa, kisomo kikasomwa. Kuna majira hapati usingizi, anaimba na kugawa vyombo vya ndani kwa wapita njia. Kuna majira anajilaza kageukia ukuta, hata kuoga hataki. Hakuna aliyeziunganisha hali hizo mbili. Zamu yangu ilipofika, saa nane za usiku nilikuwa nikiandika bajeti ya hoteli ambayo hata kiwanja chake sina, na magunia ya mchele nimeshayachukua kwa mkopo. Daktari akauliza, "Kwenu kuna mwingine?" Mama akainamisha kichwa.

Alichonieleza daktari ndicho ninachokupa. Baipola ina asili kubwa ya kurithi, kubwa kuliko sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Lakini hakuna kinasaba kimoja, yaani chembe ya urithi, cha baipola; viko vingi mno, kila kimoja kinachangia kidogo sana. Ndiyo maana pacha wa kufanana, wenye vinasaba vile vile, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi ya wengine, naam: katika watoto 100 wa aina yako, 5 hadi 10 hivi wataipata. Hesabu waliobaki. Yule mama wa chai hakuwahesabu.

Na tusijidanganye kwamba sayansi imetumaliza. Vipimo vingi vya vinasaba vya magonjwa haya vimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa NeuroGAP ndio umekuja kukusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, nao unahusu zaidi baipola na skizofrenia, ugonjwa mwingine mzito wa akili. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha mate kitakachokuambia kama utaugua, mwambie akapime mate yake.

Sasa chakula, na hapa nina haki ya kusema, maana ninapikia harusi za mji huu na sufuria zangu watu wanazijua. Mwaka 2017 watafiti wa Australia, akiwemo Felice Jacka, walitoa matokeo ya jaribio lililoitwa SMILES: watu wazima 67 wenye sonona, wiki 12. Kundi moja lilisaidiwa kubadili mlo, jingine likapewa mtu wa kuzungumza nao. Kwenye kundi la mlo, karibu theluthi moja walipona sonona. Kwenye la mazungumzo, 8 katika kila 100. Walilishwa nini? Mboga, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga na mafuta ya zeituni. Toa zeituni, hiyo ni sahani ya bibi yangu: dona, maharage, mchicha, dagaa. Soda na chipsi wakapunguziwa.

Ila soma vizuri. Jaribio lilikuwa dogo, lilihusu sonona na si baipola, na wengi wao walikuwa tayari wanapata matibabu. Mlo uliongezwa juu ya matibabu. Hilo ndilo wauza virutubisho hawalisemi. Mjomba aliniletea mmoja, ana tai na makopo, akaniambia niache dawa "nisafishe damu". Nilimtoa nje na makopo yake. Mjomba alinuna mpaka Idi.

Tena chakula na dawa vinajuana. Mimi natumia kabamazepini, dawa ya baipola, na balungi hupandisha kiwango chake kwenye damu, kwa hiyo juisi ya balungi nawapikia wageni tu, mimi sionji. Olanzapini niliyopewa mwanzoni ilinipa njaa ya ajabu, nikanenepa. Nilimwambia daktari, sikuiacha kimyakimya. Ramadhani huwa napanga naye mapema saa za dozi, maana daku inakata usingizi, na usingizi ukikatika ndipo wazimu wangu unapopenyea. Kuleni mboga, laleni, acheni mirungi na pombe. Laleni, narudia. Mnataka biashara na ndoa na nyumba, halafu mnakesha na simu mpaka alfajiri!

Kuhusu mchumba: mwambie wewe, kabla jirani hajamwambia. Mtajie jina la ugonjwa wa mama yako, na umwambie kwamba wewe hujaugua. Mume wangu nilimwambia mapema kabisa, akauliza kitu kimoja tu: dawa zinaruhusu kuzaa? Swali la maana, kwa sababu kabamazepini, na zaidi valproeti, dawa nyingine ya baipola, zina hatari kwa mimba changa, na mipango hiyo inafanywa kliniki kabla ya kushika mimba, si baada. Siku ya kliniki ya mama yako, mchukue huyo kijana muende wote, amuulize daktari mwenyewe. Akikataa kwenda, niandikie tena.