Maswali na majibu: Nani anajaza, nani anafaidi?

*Mwalimu, programu ipi ni bora kwa kazi za kikundi? – Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda*

Swali hili nalijibu kila mwezi. Ile ambayo wenzako wote wanayo tayari kwenye simu. Basi.

*Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mbale kililetewa programu ya kuandika hisa na mikopo. Tuko 25, wanaojaza ni wanne. Tuwatoze faini? – Katibu*

Msimtoze mtu. Kwanza niambie, hizo taarifa zinamfaa nani? Nahisi zinamfaa aliyewaletea. Mwaka 1988 mtafiti Mmarekani Jonathan Grudin aliandika kwa nini programu za kazi za pamoja hufa. Mfano wake mmoja ni kalenda ya ofisi kwenye kompyuta: bosi anaipenda kwa sababu inamrahisishia kuitisha vikao, lakini haifanyi kazi mpaka kila mfanyakazi aandike ratiba yake humo, naye mfanyakazi haambulii kitu. Anayejaza si anayefaidi, kwa hiyo haijazwi.

Sasa litazame sanduku lenu la kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, kila mtu anaona muhuri ukigongwa kwenye kitabu chake. Anayekuja kikaoni anarudi nyumbani na uhakika. Programu yenu inampa nini? Mwambieni aliyeileta kwamba katibu mmoja ataingiza hesabu kikaoni, na kila mwanachama apate ujumbe wa salio lake siku hiyo hiyo, hata mwenye simu ya vitufe. Akikataa, mrudishieni. Sanduku msiliuze: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na kufuli zilifunguka kama kawaida.

*Kazi ya kozi tumepangwa wanane, tunaoandika ni wawili. Kuna programu ya kuwanasa wavivu? – Mwenye hasira, Makerere*

Hati ya pamoja mtandaoni hutunza historia ya mabadiliko. Ifungue, utaona nani aliandika nini. Ila wanane ni wengi mno. Mhandisi Mfaransa Ringelmann alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu kuvuta pamoja: wakiongezeka, nguvu ya kila mmoja inapungua. Na si uvivu tu. Wasipovuta kwa mpigo mmoja, nguvu inapotea. Kwenu nani anaita mpigo? Na huyo mhadhiri anayepanga wanane ili asahihishe karatasi chache, naye nimemwona.

*Bosi anasema kwa kuwa kuna video, ofisi ya Arua na ya Kampala hazina haja ya kutembeleana.*

Watafiti Gary na Judith Olson walilijibu hilo mwaka 2000: umbali bado una uzito. Kazi iliyogawanyika vizuri huenda kwa mbali. Ile ya kutegemeana kila saa huwasumbua watu wasiojuana. Pandeni basi kwanza, mle pamoja, ndipo muwashe kamera. Na bando analipa nani? Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, shilingi 200 kwa siku. Anayehudhuria kikao kwa pesa yake atazima video, msimwite mtoro.

*Nitumie mada ya utafiti wa shahada ya pili.*

Situmi. Nenda ukakae stegi ya boda wiki nzima na daftari, uone wanavyogawana abiria bila programu yoyote.